Cha juu juu ya cha juu: ubao wa dola 14 unavyofika dukani kwa dola 63

Msomaji mmoja wa Nairobi ameuliza hivi: "Kijana wangu ana miaka 14 na kila Jumamosi yuko Shangilia, ile bustani ya skeitibodi pale Kangemi, anateleza kwa skeitibodi ya kuazima. Nimekwenda dukani nikaambiwa seti kamili ni shilingi 23,000. Mjomba wake aliye Minneapolis anasema hata huko ubao peke yake, bila magurudumu, unapita dola 60. Lakini kwenye mtandao wa Wachina wanaouza kwa jumla nimeona ubao kama huohuo kwa dola 12. Nani hapa anatuibia?"

Mzazi mwenzangu, bei zote tatu ulizoziona ni za kweli, na zinaweza kukaa pamoja bila kuwa na mwizi kati yao. Najua jibu hilo halifurahishi. Mtu mwenye hasira anataka apewe jina. Nisikilize hesabu kwanza, halafu hasira utaielekeza unakotaka.

Niseme mapema kwamba mimi si mtelezaji. Nilipanda skeitibodi mara moja tu, uani kwa jirani, na kiwiko changu cha kushoto bado hunikumbusha siku za baridi. Ninachokijua ni upande wa makaratasi: ankara, nauli za meli, ushuru, na kupanga bei ya rejareja. Nimeagiza vifaa vya michezo kwa miaka mingi, mipira mingi kuliko skeitibodi, ila vyote hupita mlango mmoja.

Tuanze na ubao wenyewe. Mwambie kijana akuletee ule wa kuazima, uulaze ubavu, uutazame kwa karibu. Utaona mistari saba, mara nyingi mmoja au miwili imetiwa rangi, nyekundu au buluu. Hayo ni matabaka saba membamba ya mti wa mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Kwa kawaida matano hulazwa kwa urefu wa ubao na mawili hukatizwa kwa upana, yakapakwa gundi, yakabanwa kwenye mashine mpaka yashikane na kupinda puani na mkiani. Mepo inayotafutwa ni ya misitu ya baridi kuzunguka Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, ambako mti hukua polepole na mbao zake zikawa ngumu. Zamani kampuni kubwa za California zilikuwa na viwanda vyao zenyewe. Kuanzia miaka ya 1990 sehemu kubwa ya kazi ilihamia Tijuana, ng'ambo tu ya mpaka wa Mexico, na China. Kwa hiyo mti hukatwa Kanada au Marekani, huvuka mpaka au bahari kwenda kubanwa na kuchorwa, kisha ubao hurudi Marekani kuuzwa. Mzunguko wote huo bado ni nafuu kuliko kuubana kwa mshahara wa California.

Ubao huo ukiwa mlangoni mwa kiwanda, tuuhesabu dola 14. Namba ninazotumia hapa ni za mfano, nimezichagua zifanane na bei halisi za dukani. Kiwanda kimoja kitakuambia 12, kingine 18.

Nauli, bima, forodha ya Marekani na kazi za ghalani zinaongeza dola 2. Tumefika 16. Kama ubao una jina la mtelezaji maarufu, naye ana mrabaha wake, na desturi ya muda mrefu ni kama dola 2 kwa kila ubao. Tumefika 18. Hapo anaingia mwenye chapa. Yeye ndiye aliyemlipa mchoraji, anayesafirisha timu yake ya watelezaji, anayegharamia video ambazo kijana wako huzitazama usiku wakati wewe unadhani analala. Anataka katika kila dola 100 za mauzo zibaki 35 za kuendeshea hayo yote. Basi anauza kwa 28. Msambazaji naye anataka 28 katika kila 100 anazouza, hivyo anauza kwa 39. Mwenye duka anataka 38 katika kila 100. Ubao unawekwa ukutani kwa dola 63, na hapo mjomba wa Minneapolis anaukuta.

Ukiivunja ile 63, kiwanda kimepata 14, safari 2, mtelezaji mwenye jina lake 2, mwenye chapa 10, msambazaji 11, duka 24. Watu wengi wakiona ile 24 wanapiga kelele. Nitaurudia huo uzi, maana duka ndilo linaloonekana na ndilo linalotukanwa.

Madalali wetu wana neno zuri kwa kinachotokea hapa: cha juu. Dalali wa nyumba huweka cha juu chake mara moja, mkamalizana. Katika mlolongo huu kila mtu huweka cha juu juu ya cha juu cha mwenzake. Msambazaji hahesabu asilimia yake kwenye ubao wa dola 14. Anaihesabu kwenye 28 aliyouziwa, ambayo ndani yake umo mshahara wa mpiga picha wa video. Duka linahesabu lake kwenye 39, ambamo umo pia umeme wa ghala la msambazaji.

Hapa watu hukosana kwa sababu ya aina mbili za asilimia, hata wafanyabiashara wazoefu. Duka limenunua kwa 39 na kuuza kwa 63, limepata 24. Ukiipima 24 hiyo juu ya mtaji wa 39, ni karibu asilimia 62. Ukiipima ndani ya bei ya kuuzia, 63, ni asilimia 38. Ni pesa ileile. Mteja akisikia "asilimia 62" anaona dhuluma. Mwenye duka akisema "38" anaona yuko chini ya wenzake wa viatu, ambao kwa kawaida huuza mara mbili ya walivyonunua, yaani asilimia 100 ya mtaji au 50 ya mauzo. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha saa nzima watu wawili wakibishana kuhusu faida, kumbe wote wanasema jambo moja.

Sasa fanya jaribio dogo. Gundi imepanda, kiwanda kimeongeza dola moja kwenye ubao. Ungetegemea dukani 63 iwe 64. Lakini kila mkono ukishikilia asilimia yake ileile, dola hiyo moja ikitoka kwa mwenye chapa imekuwa dola 1.54, ikitoka kwa msambazaji imekuwa 2.14, na ikifika kwenye kaunta ni 3.45. Hakuna aliyeongeza faida yake kwa makusudi. Kila mmoja amefungua kikokotoo kilekile alichokitumia mwaka jana.

Ndiyo maana jambo lolote linalotokea mwanzoni mwa njia huumiza zaidi kuliko linalotokea mwishoni. Mwaka 2021 nauli za makontena kutoka China zilipanda vibaya sana. Kontena la futi 40 lililokuwa likisafirishwa kwa dola 2,000 hivi kabla ya korona lilifika zaidi ya dola 10,000, na kwenye baadhi ya njia karibu 20,000. Tuseme imetoka 2,000 ikawa 15,000, na ndani mna mbao 10,000. Ongezeko kwa kila ubao ni dola 1.30, pesa ya chai. Lipitishe kwenye ile mikono mitatu, linatoka likiwa karibu dola 4.50.

Ushuru hufanya hivyohivyo. Mwezi Aprili 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa nyongeza kwa bidhaa za China hadi asilimia 145, kisha Mei ikaushusha hadi 30. Asilimia 30 ya ubao wa dola 14 ni dola 4.20. Kwa kikokotoo chetu, hiyo peke yake inaweza kumwongezea mteja wa mwisho zaidi ya dola 14, yaani bei ya kiwandani ya ubao mwingine mzima. Mara nyingine haifiki huko, kwa kuwa wenye busara hupitisha ongezeko kama lilivyo, dola kwa dola, bila kuliwekea asilimia, au wanalimeza nusu ili wasipoteze wateja. Nimeona pande zote mbili. Aliye na mkopo wa benki kwenye stoo yake huwa hamezi.

Kwa nini basi wasihesabu kwa kiasi, tuseme kila mmoja achukue dola 5 zake na kwenda? Kwa sababu hasara zao nazo hupanda na bei. Msambazaji hukopesha maduka kwa siku 30 au 60. Duka likifungwa na mbao za dola 39, amepoteza 39, hakupoteza 14. Riba anailipa kwenye 28. Wizi, makato ya kadi za benki, mbao zilizorudishwa zimepasuka, vyote hupimwa kwa bei. Sisemi kila asilimia ni halali. Nasema mtu anayeshika mali ya gharama kubwa zaidi anabeba hatari kubwa zaidi, hata kama gharama hiyo ilisababishwa na wenzake.

Sasa ile 24 ya duka. Ingia duka la watelezaji, hesabu mbao zilizo ukutani. Mbao huuzwa kwa upana wa inchi: 8.0, 8.25, 8.5, na vipimo vya kati. Kijana wa 8.25 hatagusa 8.5, hata ukimpunguzia. Michoro kumi kwa vipimo vitano ni aina hamsini za mali, na chapa hutoa michoro mipya kila msimu. Mchoro ukipitwa na wakati, ubao ni uleule, mepo ni ileile, ila hakuna anayeutaka kwa bei ya kwanza. Duka linauza mbao saba kwa 63 na tatu kwa 40, na zile saba ndizo zinazolipia zile tatu. Huko Marekani ni mazoea duka likuwekee na msasa bure, ile karatasi nyeusi ya kukwaruza inayobandikwa juu ili viatu visiteleze. Huo nao umetoka kwenye 24. Ondoa pango, ondoa mshahara wa kijana anayebandika. Maduka mengi huchukulia ubao kama chambo: uje kwa ajili ya ubao, uondoke na viatu na fulana, ndiko pesa iliko.

Na kuna jambo linalowashangaza wengi. Ubao huko Marekani uliuzwa karibu dola 50 kwa muda wa kizazi kizima, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 mpaka miaka ya 2010. Dola 50 za mwaka 1990 zilikuwa na nguvu ya dola 120 hivi za mwaka 2024. Kwa hiyo ukipima kwa thamani ya pesa, ubao wa 63 wa leo ni rahisi karibu mara mbili kuliko wa baba yake. Aliyelipia unafuu huo ni mfanyakazi wa kiwanda cha California aliyepoteza kazi, pamoja na mwenye chapa ambaye faida yake ilibanwa mwaka hadi mwaka.

Halafu ikaja korona. Mwaka 2020 watu walifungiwa ndani, watoto wakataka kitu cha kufanya nje peke yao, skeitibodi zikaisha madukani. Mwenye duka aliyehitaji kumi akaagiza ishirini, akitumaini kupata angalau kumi. Msambazaji akaona maagizo ya ishirini-ishirini kutoka kila kona, akaagiza zaidi. Chapa ikakiambia kiwanda kiongeze zamu. Mzigo ulipofika, wengi wa wale watoto walikuwa wamerudi shule. Kufikia 2022 maghala yalijaa, zikaanza bei za kutupa. Ungekuwa mnunuzi wakati huo, ungeokota. Mteja wa mwisho aliongeza kidogo tu. Mawimbi yalikua kadiri yalivyopanda mkondo, kila mkono ukiongeza hofu yake juu ya hofu ya mwenzake.

Tuje kwenye ile dola 12 ya mtandaoni. Soma tena lile tangazo, chini kidogo ya picha. Bei hiyo ni ya FOB, yaani mzigo ukiwa bandarini kwao. Bahari bado hujailipia. Kuna kiwango cha chini cha kuagiza, mara nyingi mbao mia au zaidi. Na neno "mepo" linaweza kumaanisha mepo ya China, ambayo ni mti wa ukoo huohuo lakini si ule wa Maziwa Makuu, au matabaka mawili ya nje ni mepo na ya ndani ni mti mwingine laini. Kwenye picha huwezi kuona. Kijana wako atauona baada ya wiki tatu, mkia ukianza kuchanika kama kitabu kilicholowa. Sitaki kuwachafulia wote: vipo viwanda vya China vinavyobana mbao nzuri kabisa, na chapa zinazouzwa kwa bei ya juu hutoka hukohuko. Ila kwa dola 12 ulichonunua ni mbao 100 za kulala chini ya kitanda chako.

Haya, Nairobi. Hapa hesabu ina mkono mmoja zaidi, na huo ni wa serikali. Marekani hutoza ushuru kwenye bei ya bidhaa bila nauli ya baharini. Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mzigo wa meli, hutoza kwenye CIF: bei, bima na nauli mpaka bandarini kwetu. Kwa maneno mengine, unalipia nauli, kisha unalipia kodi ya nauli.

Chukua seti kamili ya chapa inayoeleweka: ubao, vile vyuma viwili vya chini vya kugeuzia ambavyo vijana huviita traki, magurudumu manne, beringi nane, msasa, na bolti zake. Kwa bei ya jumla tuseme dola 65. Tukadirie ushuru wa forodha asilimia 25, kiwango cha kawaida kwa bidhaa nyingi zilizokamilika. Wakala wako wa forodha atakuthibitishia mstari wa sura ya 95 unaohusika. Kenya inaongeza ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2. Kisha VAT ya asilimia 16, ambayo huhesabiwa baada ya kujumlisha ushuru ndani ya thamani. Cha juu juu ya cha juu, safari hii kwa sheria. Ukivikusanya vyote, kila shilingi 100 ya CIF inadaiwa shilingi 49 na senti 50.

Mzigo mdogo husafiri kwa kuchangia kontena na wengine, na mwenye kontena hutoza si chini ya mita moja ya ujazo hata kama wako ni nusu. Seti zilizofungwa vizuri zinaingia kama 40 katika mita hiyo. Tuseme nauli na bima ni dola 240, na wakala, bandari na lori ni dola 320.

Duka lililoleta seti 8 tu limegawa 240 kwa 8: dola 30 kila seti. CIF ni 95, kodi zikiingia ni 142, gharama za wakala 40, jumla 182. Ili duka libaki na 35 katika kila 100 ya mauzo, liuze kwa dola 280, kwa dola ya shilingi 129 ni zaidi ya 36,000. Duka lililoleta seti 40 limegawa 240 kwa 40: dola 6 kila seti. CIF 71, baada ya kodi 106, wakala 8, jumla 114. Kwa asilimia ileile ya faida, bei ni dola 175 na ushee, sawa na shilingi 22,600 hivi.

Uliambiwa 23,000. Yule mwenye duka, kwa maoni yangu, amekuhesabia vizuri. Hata nashuku ameagiza pamoja na wenzake.

Tazama tu nauli kwenye lile duka la kwanza. Dola 30 za meli zimezaa karibu dola 15 za kodi, zikawa 45. Duka likaweka asilimia yake juu, zikawa 69. Kwa mteja, safari ya baharini imekuwa ghali kuliko skeitibodi yenyewe ilivyouzwa kwa jumla. Hesabu hizi ni za duka lisilosajiliwa kwa VAT: ile VAT lililolipa bandarini haliwezi kuidai. Inabaki ndani ya bei na kuwekewa faida juu yake kama mali nyingine yoyote.

Msaada nao haupiti hewani. Bustani ya Shangilia ilijengwa mwaka 2013 na shirika la skate-aid la Ujerumani, na kwa sababu hiyo watu hudhani vifaa vya watoto huja bure. Kuna wakati niliombwa nisaidie kutoa maboksi mawili ya skeitibodi zilizotumika, zawadi ya watu wema wa Ulaya kwa kikundi cha vijana. Kwenye ankara mtumaji aliandika kwa mkono "zawadi, haina thamani". Neno hilo lilitugharimu. Forodha haikubali kitu kisicho na thamani, kwa hiyo walikadiria wenyewe, tukakata rufaa, siku zikapita, na ghala likawa linahesabu kila siku. Tulipoyatoa, pesa ya kuhifadhi ilikuwa imeizidi kodi tuliyokuwa tunaibishania. Ndani mlikuwa na mbao kumi na moja zilizokwisha mkia na traki nzuri sana. Tangu siku hiyo namwambia kila mtu anayetuma zawadi: andika bei ya kweli ya kitu kilichotumika, dola 10, dola 15, na uorodheshe kimoja kimoja.

Sasa la kwako. Usinunue seti ya supamaketi ya shilingi elfu nne au tano. Ile ni ya kuchezea, traki zake huvunjika na kijana akavunjika nazo. Kata mikono pale inapokatika bila kuumiza. Kwenye ubao unaweza kumruka mwenye chapa: mbao tupu, zisizo na picha, hubanwa mara nyingi kwenye viwanda vilevile, na huko Marekani huuzwa kwa karibu nusu ya bei. Kijana atanuna. Mwambie mchoro huisha siku ya kwanza anapoteleza kwenye ukingo wa saruji. Ubao ndio unaokwisha haraka, kwa anayeruka kila wiki ni suala la miezi michache, basi usiweke pesa ya sifa hapo.

Traki ziwe nzuri. Zinadumu miaka, na za mtumba hazina ubaya kama ekseli haijapinda. Zungusha gurudumu mbele ya macho yako uone kama linayumba. Magurudumu yafuate barabara: kwa lami yetu yenye changarawe chukua laini, ya ugumu wa 78A hivi, maana yale ya 99A ni ya saruji laini ya bustani. Ana haja ya kuchagua kimoja, asijaribu kuyapata yote.

Beringi ndizo zinazonichekesha. Beringi ya skeitibodi ni namba 608: tundu la milimita 8, upana wa nje 22, unene 7. Namba hiyohiyo imo kwenye mota ndogo na mashine chungu nzima. Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road na kusema "608 nane", utapewa bila kuulizwa unateleza wapi. Zile za kwenye boksi dogo lenye fuvu la kichwa zimepakwa mafuta mepesi na zina ngao inayofunguka kirahisi kwa kusafisha, kwa hiyo zina ubora wake, sikatai. Ila sehemu kubwa ya tofauti ya bei ni lile fuvu. Na usimsikilize anayekuuzia kwa namba ya ABEC kubwa. Hiyo inapima usahihi wa vipimo vya beringi, na vumbi la Kangemi litaumaliza usahihi huo kwa wiki moja.

Kama kuna wazazi wengine watano au kumi pale Shangilia, ongeeni na huyohuyo mwenye duka kabla hajaagiza. Mpeni orodha na nusu ya pesa. Mteja aliyelipa kabla anamwondolea ile hofu ya mbao tatu za bei ya kutupa, na hapo una haki ya kumwomba ateremshe asilimia yake. Mkiagiza kutoka kwa msambazaji wa Ulaya, ankara iwe ya mauzo ya nje ili msilipe VAT ya kwao. Ujerumani peke yake ni asilimia 19, na nimeona watu wakiilipa huko kisha wakalipa yetu hapa.

Njia rahisi kuliko zote umeitaja mwenyewe bila kujua. Mjomba anakuja lini? Vitu binafsi vya msafiri vina msamaha wake, wenye mipaka, na skeitibodi moja yenye mikwaruzo haimshtui mtu. Ubao una urefu wa sentimita 80 hivi, kwa hiyo avue traki, aulaze mshazari kwenye begi kubwa, juu yake na chini yake nguo. Traki azitie ndani ya soksi nene, kila moja yake, zisikwaruze. Bolti nane na nati zake azifunge kwenye mfuko wa plastiki na kuzichomeka ndani ya kiatu, kwa sababu ndizo zinazopotea, na hapa utazunguka mji mzima kuzitafuta. Kama bado ana nafasi ya kilo moja na nusu, alete ubao wa pili.